Usalama kwanza, ukimya baadaye: Rubona na somo la uhuru wa moyo

Jua likikaribia kuzama Rubona, mitumbwi huondoka mitatu mitatu. Imeunganishwa kwa miti, na miti mingine mirefu hutokeza mbele na nyuma kushikilia nyavu. Taa za kuvutia samaki zinaning'inia tayari. Wavuvi hupiga kasia wakiimba. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, na kasia zinazama majini kwa mpigo mmoja mpaka sauti inaanza kufifia upande wa Kongo. Wanafuata sambaza, samaki mdogo wa jamii ya dagaa wa Tanganyika aliyepandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambaye sasa ndiye kitoweo cha pwani nzima hii.

Rubona iko kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Vilima vinashuka hadi majini. Jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa kuna chemchemi za maji moto, ambazo wenyeji huziita amashyuza. Watu huja wakakaa humo, wengine wametumbukiza miguu tu, wengine wamejilaza hadi shingoni, wakiamini maji yale huondoa maumivu ya viungo na maradhi ya ngozi. Mtu anayetafuta picha ya kutangazia semina ya kutafakari na kutuliza akili hawezi kutoka hapa mikono mitupu.

Ila wanaoishi Rubona wanajua kwamba utulivu wa ziwa haujawahi kuwa dhamana. Jioni ya Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ng'ambo ya mpaka ililipuka, na kwa siku kadhaa ardhi ya Rubavu ikatetemeka, kuta zikapasuka, watu wakalala nje wakihofia nyumba zao. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Zaidi ya watu 130 walikufa, na mto Sebeya, unaomwaga maji yake katika ziwa hili, ulibomoa nyumba nyingi za Rubavu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vya kuugombania mji wa Goma vilirusha risasi na makombora hadi upande wa Rwanda, raia wakauawa. Na nyuma ya yote hayo kuna Aprili 1994. Katika wilaya hii hii, kanisa kuu la Nyundo, walikokimbilia Watutsi wakidhani wamefika salama, liligeuka machinjio.

Kwa hiyo mtu akija Rubona na swali kama mwanadamu anaweza kujipatia uhuru wa moyo kwa kukaa kimya na kujitazama, amelileta mahali ambapo halijibiwi kwa maneno matamu. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba inawezekana, ila kwa mpangilio wake. Usalama unatangulia, ukimya unafuata. Walimu wengi wa kutafakari huanzia kwenye ukimya, na hapo ndipo wanapowapoteza wale wanaouhitaji uhuru huo kuliko wengine.

Kutafakari ni kufanya nini hasa

Tuanze kwa kuliondolea jambo lenyewe ukungu. Kutafakari kwa namna hii ni kuchagua kitu kimoja cha kukiangalia, iwe pumzi, neno, punje ya tasbihi au hatua za miguu, na kukaa nacho. Baada ya muda mfupi akili itatoroka. Itakwenda kwenye deni, kwenye maneno ya jirani, kwenye ada ya shule. Kazi yako ni kugundua kwamba imetoroka, kisha kuirudisha bila kujitukana. Mwanafunzi wa siku ya kwanza na mtawa wa miaka 30 wanafanya zoezi lile lile.

Faida iko kwenye kule kugundua. Mtu anayegundua mara nyingi kwamba mawazo yake yametoroka hujifunza pia kugundua kwamba hasira imeingia kabla haijafika mdomoni, na kwamba hofu inamwendesha kabla hajafunga duka akakimbia. Anapata nafasi ndogo kati ya kinachomjia na anachokifanya. Nafasi hiyo ndiyo uhuru unaozungumzwa. Ni mdogo, lakini mtu aliyewahi kumpiga mwanawe kwa hasira ya kazini anajua thamani yake.

Watu wa eneo hili hawakusubiri mgeni awaletee jambo hili. Wakatoliki, ambao ni wengi Rwanda, wana rozari, na wana mafungo ya kiroho yanayofuata njia ya Ignasi wa Loyola, padre wa karne ya 16 aliyewafundisha wafuasi wake kuipitia siku yao hatua kwa hatua: wapi nilisukumwa na woga, wapi na kiburi, wapi nilikuwa huru kweli. Waislamu wa Gisenyi na Goma wana dhikri, na wana muhasaba, yaani mtu kujihesabia mwenyewe matendo yake kabla ya kulala. Uganda imekwenda mbali zaidi: Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepokelewa kuwa mtawa wa Kibuddha huko Marekani mwaka 2002, alirudi nyumbani na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe, ambako watu wa dini mbalimbali hujifunza kukaa na kutafakari. Na mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alilitoa zoezi hili katika mavazi ya dini akalitengenezea mafunzo ya majuma 8 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Mengi tunayoyasikia leo redioni na kwenye simu kuhusu utulivu wa akili yanatoka katika chimbuko hilo.

Hitaji lenyewe halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 20.5 ya watu, yaani mmoja kati ya watano, walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilikuwa asilimia 52.2. Waliowahi kutumia huduma za afya ya akili walikuwa takribani asilimia 5 tu. Pengo la ukubwa huo haliwezi kuzibwa na madaktari peke yao, na ndiyo maana njia ambayo mtu anaweza kuitumia nyumbani bila kulipa chochote inastahili kuchunguzwa kwa makini.

Pumzi inapokuwa ndiyo kidonda

Makini hayo yanaanza na jambo ambalo semina nyingi hulipuuza. Kila Aprili, katika hafla za kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, kuna watu wanaozidiwa ghafla. Kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika. Mwingine hupiga kelele na kukimbia, kwa sababu mbele ya macho yake wauaji wamerudi. Wanyarwanda wanaiita hali hiyo ihahamuka, na wahudumu wa kujitolea huwa tayari kumshika mhusika kwa upole na kumpeleka pembeni. Daktari wa akili Athanase Hagengimana, akishirikiana na Devon Hinton, ameandika kwamba kukosa pumzi ndiko kiini cha hali hii.

Sasa mchukue mtu huyo umkalishe chini, umwambie afumbe macho, asahau yote, aitazame pumzi yake tu. Umemtuma moja kwa moja kwenye kidonda. Alipofumba macho amepoteza mlango, amepoteza nyuso za watu anaowaamini, amebaki na kifua kile kile kilichowahi kumsaliti. Akianza kutweta, mwalimu asiyejua atamwambia aendelee, kwamba ni kawaida, itapita.

Haipiti kila mara. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya magumu yanayowapata watu wanaotafakari. Waliyoyakuta ni pamoja na hofu kali, kukosa usingizi na kurudiwa na matukio mabaya ya zamani. Hiyo si hoja ya kuliacha zoezi. Paracetamol nayo huumiza ini ikizidi kipimo, na hatujaitupa. Ni hoja ya kujua nani apewe nini, lini, na nani awe karibu naye.

Upande wa pili wa mizani upo. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wakimbizi wa Kongo walioko Uganda, 21 wakifundishwa kutafakari kwa njia ya kurudia neno kimoyomoyo, wengine 21 wakiwa kundi la kulinganishia. Waliofundishwa walipata nafuu kubwa ya dalili za kiwewe. Idadi ilikuwa ndogo, na baadhi ya watafiti wana uhusiano na taasisi inayofundisha mbinu hiyo, kwa hiyo matokeo yapokelewe kwa tahadhari. Hata hivyo angalia walichopewa: neno la kushika, badala ya kifua cha kukitazama. Kwa mtu ambaye pumzi yake ina historia mbaya, tofauti hiyo ni kubwa.

Kabati mlangoni

Mfano mashuhuri zaidi wa uhuru wa moyo kutoka pwani hii ya Kivu ni wa Immaculée Ilibagiza. Mwaka 1994 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Butare, amerudi nyumbani Mataba, upande wa Kibuye, kwa likizo ya Pasaka. Mauaji yalipoanza, baba yake alimkabidhi rozari na kumtuma akajifiche kwa mchungaji jirani, Mhutu. Mchungaji alimficha pamoja na wanawake wengine 7 katika bafu dogo lililopakana na chumba chake cha kulala. Walikaa humo siku 91, wamebanana hata kunyoosha miguu wakawa wanapokezana. Wazazi wake na kaka zake wawili waliuawa. Alitoka akiwa na uzito wa kilo 30 hivi.

Kitabu alichokitoa mwaka 2006 kuhusu siku hizo kilisomwa dunia nzima, na wasomaji wengi hukumbuka sala na msamaha. Mimi kinachonikaa ni mambo mawili madogo. La kwanza ni kwamba aliposali Baba Yetu, maneno ya kuwasamehe waliotukosea yalimkwama. Aligundua kwamba anayatamka bila kuyamaanisha, na hakujidanganya. Alikaa na ugumu ule siku baada ya siku, chuki yake akiiona kama ilivyo, mpaka kitu kikafunguka. Kujitambua hakuna maana nyingine zaidi ya hiyo. Miaka ya baadaye alikwenda gerezani kukutana na mmoja wa waliowaua ndugu zake, akamwambia amemsamehe. Msamaha huo ulikuwa wake, na hakuna manusura mwingine anayedaiwa wa kwake kwa sababu yeye alitoa.

La pili ni kabati. Siku za mwanzo mlango wa bafu ulikuwa wazi kuonekana, na wauaji waliingia nyumba ile kupekua. Immaculée alimsihi mchungaji alisogeze kabati kubwa la nguo liufunike mlango. Mchungaji akalisogeza. Msako uliofuata ulipita chumbani pasipo mtu kujua kwamba nyuma ya kabati kuna mlango.

Safari yake ya ndani ilikuwa na sala nyingi, ni kweli, lakini ilikuwa na kabati pia, na wenzake 7 waliokuwa wakipumua pamoja naye. Tunapoisimulia habari yake kana kwamba nguvu ya moyo ilitosha, tunaliondoa kabati mlangoni.

Wataalamu hawakorogi ziwa

Rubona yenyewe ina funzo linaloshabihiana na hili, na liko chini ya mitumbwi ile ya jioni. Ziwa Kivu lina kina cha mita 480 hivi, na katika tabaka zake za chini zimeyeyuka takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Uzito wa maji ya juu ndio unaozizuia. Dunia inajua hatari yake: Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno kulinganisha na hili, lilitoa gesi yake kwa mkupuo na kuua watu wapatao 1,700 katika vijiji vya jirani.

Hapa Rubona gesi ya ziwa ilianza kuvunwa mwaka 1963 kupasha moto mitambo ya kiwanda cha bia. Siku hizi mtambo wa KivuWatt, huko Karongi, huigeuza umeme wa megawati 26. Namna inavyotolewa inafaa kutazamwa kwa karibu. Bomba hushushwa hadi tabaka lenye gesi. Maji yakipandishwa kidogo, mgandamizo hupungua, mapovu yanajitokeza, na kuanzia hapo maji hupanda yenyewe. Juu, gesi hutenganishwa, kisha maji hurudishwa kwenye kina kilichopimwa ili tabaka zisivurugike. Hakuna anayelikoroga ziwa kuona kilichomo.

Moyo wa mtu aliyepitia makubwa unahitaji adabu hiyo hiyo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kuyafungia chini milele ni hatari. Kuyamwaga yote kwa siku moja, katika ukumbi wa wageni, mwalimu akiwa ana ndege ya kuwahi Jumatatu, ni hatari pia. Yanatolewa kidogo kidogo, kwa kiasi kinachoweza kubebwa, na mengine yanaachwa mahali pake hadi zamu yake ifike.

Kumbukumbu huja mwisho

Rwanda tayari ina mpango unaofuata mantiki hii. Unaitwa Mvura Nkuvure. Ulianza mwaka 2005 katika dayosisi ya Anglikana ya Byumba, kaskazini, wakati gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari, zilipokuwa zikiendelea na wafungwa waliokiri wakirudi kuishi mlango kwa mlango na familia walizoziulia watu. Kundi lina watu 10 hadi 15 wa mtaa mmoja: manusura, waliotoka gerezani, wake na watoto wao. Hukutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa tatu hivi, kwa wiki 15, wakiongozwa na wawili kati ya majirani waliopewa mafunzo.

Utaratibu wao una hatua 6. Wanaanza na usalama: tukae wapi, nani asisikie, nini kisitoke nje ya duara hili. Halafu kuaminiana, kisha kujaliana, kisha kuheshimiana. Baada ya hapo wanatazama maisha mapya yatakuwaje. Kumbukumbu zenyewe, yale mambo mazito ambayo mgeni angedhani ndiyo ya kuanzia, zinaingia mwisho kabisa, wakati kila mmoja ameshajua akianguka atadakwa na nani.

Humo kuna michezo midogo, kuna kunyamaza, kuna mtu kukiri kwamba huwa anapita njia ndefu ili asikutane na fulani. Anajitazama huku akitazamwa na watu wanaomtakia heri. Mtu anayetafakari peke yake katika chumba chake anaweza kujifichia ukweli miaka 20. Mbele ya jirani aliyekuona wiki iliyopita ukimgeuzia uso mjane, hilo ni gumu zaidi.

Ukitaka kuanza

Kwa msomaji anayetaka kujaribu nyumbani, iwe Rubona, Mwanza au Mombasa, mpangilio ule ule unafaa. Chagua mahali ambapo hakuna atakayekushtua. Kaa mgongo ukiwa ukutani na mlango ukiwa mbele yako. Huna sharti la kufumba macho. Yaelekeze chini tu. Pumzi ikikutia wasiwasi, achana nayo: sikia nyayo zinavyogusa sakafu, au sauti ya maji, au pitisha punje za tasbihi vidoleni. Dakika 5 zinatosha kwa wiki za mwanzo.

Kuimba nako kunahesabika. Mtu anayeimba hutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo bila mtu kulazimika kuifikiria. Wavuvi wa sambaza, kwaya za Jumapili na wanawake wanaotwanga wakiimba wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani.

Hisia ikija, itaje kimoyomoyo: hofu ipo, hasira ipo. Usiifukuze, usiifuate. Ukiona kifua kinabana na picha za zamani zinakuja, acha mara moja. Simama, nawa uso kwa maji baridi, taja kwa sauti vitu unavyoviona chumbani, mwite mtu. Zikirudi mara kwa mara, nenda hospitali. Hospitali za wilaya nchini Rwanda zina huduma ya afya ya akili, na mshauri wa afya wa kijiji anaweza kukuelekeza. Kwenda huko ni sehemu ya kujitambua.

Limebaki onyo moja. Maneno haya ya uhuru wa ndani hupendwa sana na watu ambao hawataki kuulizwa kuhusu uhuru wa nje. Mwajiri anayechelewesha mishahara hufurahi wafanyakazi wakifundishwa kupumua. Mume mkorofi hufurahi mkewe akiambiwa atafute utulivu moyoni. Kujitambua kwa kweli huwapa watu hao tabu, kwa sababu mtu aliyejifunza kuiona hofu yake huona pia nani anaipanda, na anapata ile nafasi ndogo ya kuamua asitii.

Kwa hiyo mtu akikwambia utafute amani ya moyo wakati nyumba yako imeezuliwa, muulize kwanza mabati yako wapi. Akiyaleta, akapanda ngazi akasaidia kupigilia misumari, mkaribishe ndani mtafakari pamoja.